Kufunga Safari Kumfuata Nzi

Siku ya kwanza nilipotoka nyumbani hapa Rahaleo, Mtwara, na kopo tupu la maziwa ya unga, shuka jeupe na mwavuli, ilhali mvua zilikwisha zamani, jirani aliniuliza naelekea wapi. Nikamjibu nakwenda Msangamkuu kutafuta nzi. Akalitazama genge la samaki wa kukaanga ng'ambo ya barabara, kisha akanigeukia: “Sasa shemeji, hawa wa hapa wamekukosea nini hata ukalipe kivuko?”

Alikuwa na haki ya kushangaa. Gengeni pale nzi wapo, lakini ukiwatazama kwa utulivu ni aina tatu au nne tu: nzi wa nyumbani, yule wa kijani anayeng'aa kama bati jipya, na vile vijinzi vya macho mekundu vinavyozunguka embe lililoiva kupita kiasi. Hao ni jamaa zetu wa mjini. Duniani aina za nzi zilizokwisha kupewa majina zimepita 150,000, wakiwamo mbu na usubi ambao ni wa ukoo huo huo, na wengi wao hawana haja na kitoweo chako wala kidonda chako. Lugha yetu nayo imemponza: methali inamkuta nzi akifa kidondani tu, haimfuati anapokwenda kwenye maua.

Ushauri huu ni kwa anayepanga kutembea ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, au pori lolote la pwani yetu. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 2000, ya pili ya aina yake nchini baada ya ile ya Mafia, nayo inaanzia Rasi ya Msangamkuu hadi mpaka wa Msumbiji, eneo la kilomita za mraba zipatazo 650. Kwa kuwa inaitwa hifadhi ya bahari, watu hulipa kiingilio, wakaogelea Msimbati, wakaulizia kasa na pomboo, wakarudi mjini. Hawakumbuki kwamba kilomita za mraba kama 220 kati ya hizo ni nchi kavu: visiwa, mikoko, minazi, mikorosho, vichaka, madimbwi na vijiji. Huko ndiko kwenye kazi yetu.

Kosa la kwanza, na mimi nililirudia miezi mingi, ni kutembea. Tumezoea kwamba matembezi ni kwenda: tumetoka hapa, tumefika pale, jumla kilomita sita. Kwa tembo sawa. Mdudu ukimwendea hivyo utaambulia kipepeo anayekupita na usubi masikioni. Niliwahi kufuatana na kundi la wanafunzi wa sekondari. Walitembea saa tatu wakiandika, wakarudi na vipepeo tisa, panzi kadhaa, na jongoo, ambaye miguu yake imeizidi mno ile sita ya mdudu wa darasani. Tukakaa chini ya mkorosho kumsubiri dereva, naye akachelewa. Katika dakika arobaini zile za kunung'unika, bila mtu kuinuka, waliandika aina thelathini na kitu kutoka mti mmoja.

Tangu hapo kipimo changu ni dakika tano za kutembea na ishirini za kukaa. Chagua kitu kimoja, kaa nacho: kichala cha maua, shina linalotoka utomvu, ukingo wa dimbwi, papai lililopasuka chini ya mti. Kinyesi kibichi cha ng'ombe ni sehemu nzuri kuliko zote, ila wageni hawapendi kuambiwa. Nzi hufika kabla hakijapoa, wengine wakija kula, wengine kutaga, na wengine wadogo zaidi wakija kuwavizia hao waliotangulia. Baadaye kidogo wanaingia mbawakawa na kuanza kukata na kuviringisha madonge. Ukifika pamekauka na pana ganda juu, umechelewa, tafuta kingine. Kaa upande upepo unakotoka, kwa ajili ya pua yako.

Somo la pili ni kuhesabu mabawa, nalo halihitaji elimu ya chuo. Nyuki, nyigu, kipepeo, kerengende, wote wana mabawa manne. Nzi ana mawili. Pale yalipopaswa kuwa mabawa ya nyuma amebakiwa na virungu viwili vidogo, kimoja kila upande, vinavyotikisika anaporuka na kumweka sawa hewani. Bila hivyo angeanguka kama karatasi. Kwa mbung'o na chafuo ni vigumu kuviona, lakini mshike mbu yule mkubwa mwenye miguu mirefu asiyeuma, anayetua ukutani nyakati za mvua, utaviona wazi kabisa bila miwani.

Nenda nalo somo hilo kwenye mkorosho uliochanua, kati ya Juni na Septemba, saa mbili hivi za asubuhi umande ukiwa umekauka. Maua ya mkorosho ni madogo, ya waridi na meupe, yana harufu tamu ya kulevya kidogo, na kila kichala kina wageni. Utaona kitu cha mistari ya njano na nyeusi ukasema nyuki. Subiri. Kama kinasimama hewani pasipo kusogea, kama kimening'inizwa kwa uzi, halafu kinaruka kando mara moja na kusimama tena, hicho si nyuki. Ni nzi wa maua, aliyevaa sare ya nyuki ili ndege wamwogope. Hana mwiba. Macho yake yamechukua karibu kichwa kizima, na kwa dume macho hayo yanakutana juu utosini. Kwa jike pana nafasi katikati. Ukishaijua tofauti hiyo utaweza kumwambia mtu dume na jike la nzi akiwa hewani, jambo lililonipatia heshima ya muda mfupi sana kwa wanangu.

Hapo hapo mkoroshoni utamkuta anayethibitisha kwamba majina hayaaminiki. Wakulima wetu wanamwita mbu wa mikorosho. Ana kiuno chembamba, miguu mirefu, na mgongoni amechomekwa kitu kama pini yenye kichwa. Anafyonza machipukizi na maua mpaka yananyauka meusi, kama yaliyopitiwa na moto. Mhesabu mabawa: manne. Si mbu hata kidogo. Ni wa kundi la kunguni na wadudu wengine wenye mrija wa kufyonza. Watafiti wa kilimo pale Naliendele wamekuwa wakihangaika naye miaka mingi, maana korosho ndiyo ada ya shule ya mkoa huu. Basi ukimwona, mpige picha, na ukiwa shambani kwa mtu mwite mwenye shamba aone.

Tahadhari ya msimu huo: ndio wakati wa kupulizia. Ukisikia mashine ikinguruma na wingu la njano la salfa likipanda juu ya miti, achana na shamba hilo na majirani zake kwa siku hiyo. Macho yatakuwasha, na kwa vyovyote wadudu utakaowakuta ni wachache.

Sasa mikoko. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipojifunza kutazama.

Watu wanaamini kwenye mikoko kuna mbu tu. Wapo, na usubi wa jioni ni adhabu, lakini chagua saa yako kwa bahari badala ya kwa jua. Maji yakishaanza kutoka, subiri saa mbili hivi. Tope linakuwa limeachwa wazi lakini bado linang'aa unyevu. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanatoka mbali zaidi na uwanja unakuwa mkubwa. Siku za maji mafu huna pa kukanyaga. Vaa viatu vilivyofunga, kwani chaza walioganda kwenye mizizi wanachana kama wembe, na kandambili utaiacha topeni. Asiye na nauli ya kwenda mbali apande daladala mpaka Mikindani, mikoko ipo karibu na barabara.

Tafuta mchu, ule mti ambao mizizi yake ya kupumulia imechomoza topeni kama penseli zilizosimikwa kwa maelfu. Chuchumaa. Usisimame, uchuchumae hasa, mpaka uso wako uwe kiasi cha mkono mmoja kutoka topeni. Kwa dakika mbili hutaona kitu ila kaa wadogo wakirudi mlangoni. Kisha tope litaanza kumetameta. Vitu vidogo kuliko punje ya mchele, kijani cha shaba iliyosuguliwa, vimesimama juu ya miguu mirefu kama watu wanaoogopa kuchafua nguo. Ni nzi. Wanawinda viumbe laini vidogo vilivyomo kwenye unyevu huo. Mmoja anakimbia hatua tatu, anasimama, anakimbia tena. Dume akimwona jike anainua mguu na kuupunga, anaushusha, anasogea, anapunga tena. Jike akiruka, dume anabaki na mguu juu kwa muda, halafu anaushusha polepole. Niliyatazama haya siku ya kwanza mpaka maji yakanifikia mgongoni.

Alikuwapo bibi mmoja akikusanya kome na kijukuu chake, ameshika ndoo. Nilimwamkia shikamoo nikiwa bado nimechuchumaa. “Marahaba mwanangu. Umepoteza nini?” Nikamwambia ninachotazama. Hakucheka. Alisema hao wa kijani hukaa pale tope likiwa bichi, jua likipanda wanahamia kwenye kivuli cha mizizi, na siku upepo wa kusi ukivuma sana hawaonekani kabisa, “wanaogopa kupeperushwa, si wepesi.” Nimeyahakikisha yote matatu baadaye. Ushauri wangu basi: ukiwakuta kina mama topeni, salimia, jieleze, uliza. Wanapita hapo kila maji yanapotoka, na wanakiona kila kitu kilichomo.

Ukiwa hapo hapo pwani, tupa jicho kwenye maji yaliyotulia ya mkono wa bahari. Wadudu wametawala nchi kavu yote lakini bahari imewashinda karibu kabisa. Wachache wanaoiweza hawazami. Wanatembea juu yake, wakiteleza kwa miguu kama mtu anayepiga makasia. Katika bahari kuu yenyewe ni aina tano tu duniani.

Kwenye njia za mchanga zinazopita vichakani, jua likishakuwa kali, kuna mwindaji ambaye ningependa kila anayekwenda hifadhini amwone kabla hajauliza chui. Ni nzi mrefu, mwembamba nyuma, kifua kinene chenye manyoya, na mbele ya uso ana masharubu kama mzee wa baraza. Mimi humwita nzi kipanga. Anatua kwenye ncha ya kijiti kikavu na kutulia, kichwa kikigeuka huku na huku kufuata kila kinachopita. Siku moja karibu na Msimbati nilimwona mmoja akiruka ghafla, nikasikia mlio mfupi, akarudi kijitini akiwa amemkumbatia nyuki. Alikuwa amemchoma kwa mdomo wake. Mate yenye sumu yanamzimisha mateka na kuyayeyusha ya ndani, naye anayanywa. Nyuki alikunja miguu. Baada ya dakika kumi hivi kipanga aliliachia ganda, likaanguka juu ya maganda mengine matatu yaliyokuwa chini ya kijiti.

Hayo maganda ndiyo siri ya kumpata. Kipanga ana kijiti chake, na akiruka hurudi hapo hapo au jirani kabisa. Kwa hiyo akikimbia usimfuate. Kaa chini, elekeza simu yako kwenye kijiti, subiri arudi. Usivae shati jeupe linalopepea, na kivuli chako kisimwangukie. Macho yale makubwa hayaoni mambo kwa undani kama yetu, lakini kinachosogea yanakiona upesi kuliko unavyodhani. Ukisogea polepole sana, kama mtu anayeingia msikitini amechelewa, atakuruhusu hadi kiganja kimoja.

Nimeeleza kukaa, nieleze na mahali pa kutokukaa. Kabla hujaegemea mti wowote pwani hii, mkorosho, mwembe, mchungwa, hata mkandaa, inua macho utafute majani yaliyoshonwa pamoja kama mpira. Hiyo ni nyumba ya maji moto. Mimi niliweka kiti cha kukunja chini ya nyumba tatu, nikavua kofia, nikatulia kama nilivyowashauri ninyi. Jina wamelipata kwa haki. Wanauma, kisha wanageuza tumbo na kumwagia tindikali kwenye jeraha, na wakishapanda wengi huwezi kuwapangusa, wanang'ang'ania kwa meno. Nilivua shati mbele ya watu nisiowajua.

Lakini ukisimama hatua mbili nje ya kivuli cha mti, huna tamasha zuri kuliko la maji moto wakijenga. Chungu mmoja hawezi kuukunja ukingo wa jani, kwa hiyo wanashikana viuno, mmoja nyuma ya mwingine, mnyororo wa watano, sita, minyororo mingi ubavu kwa ubavu, wanavuta mpaka kingo mbili zinakutana. Ndipo wanatoka wengine wamebeba mabuu yao wachanga mdomoni. Buu anagusishwa jani hili, anapelekwa jani lile, anarudishwa, na kila anapogusa anatoa uzi wa hariri. Watoto ndio sindano. Wakulima wa minazi na mikorosho wanawapenda kwa sababu wanawafukuza kunguni wafyonzao matunda machanga. Penye maji moto wengi mti unapona. Adui yao mkubwa ni sisimizi wadogo wa kahawia wanaojenga chini ya shina, ambao wakishaizoea bustani huwanyima maji moto njia ya kupanda. Ukikuta mti una maji moto na wa jirani hauna, kagua ardhi utajua sababu.

Mwavuli nilioubeba jirani akaucheka una kazi yake. Ugeuze juu chini chini ya tawi, ulipige tawi fimbo mbili tatu za ghafla, uone kilichodondoka. Kitambaa cheupe ni bora, ila hata cheusi kinafaa kwa wadudu wa rangi hafifu. Buibui, vunjajungu wachanga, viwavi, dundu wadogo wanaojifanya wamekufa. Nzi hutawapata hivyo, wataruka. Usipige tawi lenye maua, unaharibu mavuno ya mtu, na kwanza angalia kama hakuna mavu.

Usiku, kama umelala Msimbati au kwenye kijiji chochote chenye giza la kweli, tundika shuka jeupe kati ya minazi miwili na taa ya sola mbele yake. Chagua siku za giza, kwani mwezi ukiwa mkubwa taa yako haina maana kwao. Anza saa moja na nusu. Wa kwanza ni kumbikumbi kama mvua imenyesha, kisha nondo, chenene, vijinzi visivyohesabika. Ukichoka zima taa na ukae gizani kidogo. Vimulimuli huonekana vizuri kwenye nyasi za bondeni. Na mwambie mwenyeji wako mapema unachofanya. Shuka jeupe linalowaka katikati ya minazi saa nne za usiku linaweza kuelezwa kwa namna nyingi, na asubuhi utakuta umeelezwa.

Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na ukinilazimisha kuchagua mwezi mmoja nitasema Desemba. Upepo wa kaskazi unakuwa umeshika, na siku moja utatoka nje ukute kerengende wa rangi ya dhahabu wamejaa hewani, mamia, wakielea bila kutua. Usiwapite hivi hivi. Mtafiti Charles Anderson, aliyekuwa akiishi Maldives, alijiuliza kwa nini kila mwaka kerengende wanatokea kwenye visiwa visivyo na maji baridi ya kutagia. Mwaka 2009 alichapisha jibu lake: wanatoka India, wanavuka bahari kwa kubebwa na upepo huo huo wa kaskazi, na kuishia Afrika Mashariki wakifuata mvua. Njia ya majahazi. Hapa wanataga kwenye madimbwi ya mvua, na watoto wao hukamilika kwa wiki chache kabla dimbwi halijakauka. Kwa hiyo lile dimbwi la barabarani unalolilaani kwa sababu ya bajaji lichungulie kwanza.

Sasa wale wanaouma, maana najua wengine mlikuwa mnawasubiri hao.

Mbung'o, au ndorobo, utamtambua akitua: mabawa anayapandanisha moja juu ya jingine kama mkasi uliofungwa, na mdomo wake umenyooka mbele. Anaishi vichakani kuelekea bondeni Ruvuma kuliko pwani yenyewe. Anavutwa na rangi ya bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Basi jinzi yako iache nyumbani, vaa kaki au kijivu. Nzi huyu ana historia na mji wetu. Machi 1866 David Livingstone alishuka Mikindani akiwa na ngamia sita, nyati wa kufugwa kutoka India, baghala na punda. Alitaka kuona ni mnyama gani wa mizigo atastahimili mbung'o kwenye njia ya Ruvuma. Wanyama walikufa njiani mmoja mmoja, lakini walikuwa wamepigwa na kutumikishwa vibaya mno na waliopewa kuwachunga, hivyo hakuweza kusema kwa yakini ni nzi au ni binadamu aliyewaua. Jaribio lililofaulu lilikuja baadaye sana, Unguja: madume ya mbung'o yaliyofugwa Tanga na kuhasiwa kwa mionzi yalirushwa kwa ndege wiki baada ya wiki, majike yakapandwa bila kuzaa, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa hakina mbung'o. Jike la mbung'o huzaa buu mmoja mmoja, si mayai mamia kama wenzake. Uchache huo ndio uliomponza.

Chafuo wa kando ya ng'ombe ni mkubwa na anauma kama sindano ya mifugo, ila kabla hujampiga kibao mtazame macho: wengine yana mistari ya kijani na zambarau kama kitambaa cha satini, na rangi hizo hufifia akifa. Anayeuma ni jike tu.

Na mbu. Mtu wa Mtwara ana sababu zaidi ya malaria ya kumheshimu. Mwaka 1952 homa ngeni ya viungo iliwakumba watu wa Uwanda wa Makonde huku juu, iliyowakunja wagonjwa wasiweze kunyooka, na ilipoandikwa katika majarida ya tiba mwaka 1955 ikapewa jina la Kimakonde, chikungunya, lenye maana ya kujikunja. Leo madaktari wa India na Brazili wanalitamka neno hilo wasijue limetoka Newala. Anayeieneza ni mbu mweusi mwenye miguu ya mabaka meupe, anayeuma mchana na kuzaliana kwenye mitungi na makopo ya maji. Kwa hiyo dawa ya kupaka si ya jioni tu. Jipake asubuhi, shingoni na vifundoni, ila vidole viache bila dawa kama utashika kopo lenye mdudu.

Kopo ni la kukopea. Unamfunika mdudu, unapitisha karatasi chini, unamtazama kivulini dakika mbili tatu, unamwachia pale ulipomkuta. Ndani ya hifadhi hakichukuliwi kitu, hai wala kifu, bila kibali, na anayetaka kukusanya kwa utafiti aanzie ofisini kabla ya kuanzia msituni. Picha zinatosha. Piga tatu: moja ya juu, moja ya ubavu, moja ya uso, na ya nne ya mmea au kitu alichokuwa juu yake, ambayo wengi huisahau ndiyo inayosaidia kuliko zote. Ukiziweka kwenye iNaturalist, watu wa mbali wanaojua nzi kuliko ndugu zao watakusaidia kupata jina. Mwenye hamu zaidi atafute kitabu kikubwa cha nzi wa Afrika kilichohaririwa na Ashley Kirk-Spriggs na Bradley Sinclair. Majuzuu mawili ya kwanza yalitoka Afrika Kusini mwaka 2017 na yanapatikana bure mtandaoni. Ni ya Kiingereza kigumu, lakini michoro haina lugha.

Ukielekea mtoni, kumbuka Ruvuma ni mpaka. Beba kitambulisho, fika kwa mtendaji wa kijiji ujieleze, fuatana na mwenyeji. Na kule kuchuchumaa nilikokusifu kwenye mikoko usikufanye kando ya mto. Mamba na viboko wapo, nao hawajali unatazama nini.

Ukirudi nyumbani usilale na nguo ulizotoka nazo. Kagua kupe nyuma ya magoti na kiunoni. Nguo zikishafuliwa zianikwe kwenye kamba juani. Usizitandaze chini, mchangani wala kwenye majani, kwa sababu yupo nzi wa rangi ya manjano hafifu anayetaga kwenye mchanga na nguo zenye unyevunyevu kivulini, na mayai yakianguliwa funza wanaingia kwenye ngozi. Hata zikianikwa vizuri zipige pasi, ya umeme au ya mkaa, pande zote mbili. Zingatia mishono, kola, na ule upindo wa kiunoni wenye mpira ambao kila mtu anauruka.